Walioondoka, Walioondolewa na Maghorofa Yaliyobaki

Anayetoka uwanja wa ndege wa Pittsburgh hauoni mji mpaka dakika ya mwisho. Barabara inapita kwenye vilima vya miti, kisha inazama katika handaki la Fort Pitt, lililofunguliwa mwaka 1960 chini ya Mlima Washington, kilomita moja na ushei. Handaki likiisha, gari liko juu ya daraja na maghorofa yote yamesimama mbele ya kioo kwa pamoja: moja la chuma cheusi kinachokaribia rangi ya kahawia, jingine la vioo vitupu lenye vilele vilivyochongoka, jingine la mawe lenye piramidi kichwani. Chini yake mito ya Allegheny na Monongahela inakutana na kuzaa Ohio. Ukiufuata mto huo kuelekea magharibi unafika Cincinnati, mji wa pili kwa kumshtua mgeni. Dereva anayetoka Kentucky anateremka mlima wa Covington, mlima unakatika, na mji mzima unaonekana bondeni, ng'ambo ya mto.

Wenyeji wa miji ya namna hii, miji ya ukubwa wa kati ya Marekani, wanapenda kubishana ni upi wenye sura nzuri zaidi kwa mbali. Ubishi huo una utamu wake, lakini ukipimwa kwa urefu peke yake hauendi popote. Jengo refu kuliko yote mjini Tulsa lina mita 203. La Cincinnati nalo lina mita 203. Hartford, mji mkuu wa Connecticut, ulihesabiwa watu 121,054 katika sensa ya 2020, na tangu 1919 una mnara wa mita 161. Buffalo ina zaidi ya mara mbili ya watu hao, na jengo lake refu kuliko yote lina mita hizo hizo 161, ila lilijengwa nusu karne baadaye. Namba hizi hazisemi kitu mpaka mtu aulize maswali mengine: nani alijenga, kwa fedha ya biashara gani, na kwa nini ujenzi ulisimama mwaka uliosimama.

Maswali hayo hayajibiki New York wala Chicago, kwa sababu huko jengo moja linamezwa na mengine mia. Katika mji wa kadiri, kila jengo refu lina mwenyewe anayejulikana. Mtu aliyezaliwa hapo anaweza kusimama kilimani na kuyataja yote: lile la mafuta, lile la bima, lile la benki, lile la tumbaku. Kujenga kulikuwa tangazo la kampuni kwamba imefika na haina mpango wa kwenda kwingine. Mengi ya matangazo hayo yaligeuka kuwa ya uongo, na hapo ndipo historia yenyewe inapoanza.

Buffalo ulitangulia. Mfereji wa Erie ulipokamilika mwaka 1825, nafaka nyingi ya mikoa ya Maziwa Makuu ya Amerika ilianza kupitia hapo kwenda New York. Mwaka 1842 mfanyabiashara Joseph Dart alianza kujenga ghala lenye mashine ya mvuke ya kuchota nafaka kutoka matumboni mwa meli, kazi ambayo hadi wakati huo ilifanywa na migongo ya vibarua. Kufikia 1900 Buffalo ulikuwa mji wa nane kwa ukubwa nchini Marekani. Novemba 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara uliwasili mjini kwa waya, jambo ambalo miji mingi duniani ilikuwa bado inaliota.

Mwaka huo huo wa 1896 yalikamilika majengo mawili yaliyo jirani mpaka leo. Ellicott Square, kazi ya Daniel Burnham, lilikuwa jengo kubwa la ofisi kuliko yote duniani lilipofunguliwa, japo lina ghorofa kumi tu. Guaranty, kazi ya Dankmar Adler na Louis Sullivan, lina ghorofa kumi na tatu na linastahili kutazamwa kwa karibu, pua ikikaribia ukuta. Limevikwa vigae vya udongo wa kuchoma vyenye rangi ya kutu, na hakuna kigae kilichoachwa kitupu: majani, mbegu zilizopasuka, mistari inayosokotana, yote yamefinyangwa na kuchomwa kabla ya kupandishwa. Wasanifu wengi wa wakati ule walilionea haya jengo refu, wakalikata kwa mikanda ya kulala ili lionekane fupi. Sullivan aliiacha mistari ipande moja kwa moja kutoka ghorofa za chini hadi kwenye madirisha ya duara chini ya paa. Aliyeliagiza, Hascal Taylor, tajiri wa mafuta kutoka Pennsylvania, alifariki mwaka 1894 kabla halijaanza kujengwa.

Jumba la halmashauri ya mji, lililokamilika 1931, lina ghorofa 32 na mita 121. Wasanifu wake walitumia kitu ambacho Buffalo hauhitaji kukinunua: upepo wa Ziwa Erie. Matundu makubwa upande wa magharibi yaliunasa upepo, ukashushwa chini ya jengo ambako ardhi iliupoza, kisha ukasambazwa ofisini wakati wa joto. Jumba hilo lilifunguliwa wakati Mdororo Mkuu wa uchumi umeshaubana mji. Baada yake, kwa takriban miaka thelathini, hakukuwa na jengo jipya la kulikaribia.

Pengo hilo liko karibu kila mji wa kadiri, na atakayejua kulisoma ataujua umri wa utajiri wa mji. Kuna maghorofa ya kabla ya 1932, halafu hakuna kitu, halafu maboksi ya vioo ya miaka ya 1960 na 1970.

Cincinnati unaonyesha jinsi kuwa upande huu au ule wa pengo hilo kulivyokuwa jambo la miezi tu. Mji huu ulikuwa mbele kwa ujasiri tangu mapema. Mwaka 1903 ulikamilisha jengo la Ingalls, la kwanza refu duniani kujengwa kwa zege lenye nondo. Melville Ingalls, mkuu wa shirika la reli, alihitaji miaka miwili kuwashawishi maofisa wa mji watoe kibali, kwa sababu wengi waliamini kwamba mbao za kushikilia zege zikiondolewa, ghorofa zote kumi na sita zingeporomoka. Inasimuliwa kwamba mwandishi wa gazeti alikesha karibu na jengo ili awe wa kwanza kuandika habari ya kuanguka kwake. Jengo bado limesimama. Miaka kumi baadaye kampuni ya bima ya maisha ya Union Central ilimwajiri Cass Gilbert, aliyekuwa anamalizia jengo la Woolworth huko New York, akaijengea mnara wa mita 151. Times Tower ya Nairobi, iliyokamilika 2000, ina mita 140. Cincinnati ilikuwa na zaidi ya hapo mwaka 1913.

Kisha likaja Carew Tower. Ujenzi wake ulianza Septemba 1929. Oktoba soko la hisa la New York likaanguka. Majengo mengi ya aina hiyo yaliyokuwa kwenye karatasi kote nchini yalibaki kwenye karatasi, lakini la Cincinnati liliendelea, na inaelezwa kwamba sababu ni John Emery, mwekezaji mkuu, aliyekuwa ameuza hisa zake mapema ili apate fedha taslimu ya ujenzi. Mwaka 1930 lilifunguliwa likiwa na ghorofa 49 na mita 175, likijumlisha hoteli, maduka, ofisi na maegesho ya magari yaliyopandishwa kwa mashine. Katika ujia wa maduka kuna matao ya vigae vya maua vya Rookwood, kiwanda cha ufinyanzi kilichoanzishwa mjini humo humo mwaka 1880. Carew lilikaa juu ya wenzake kwa miaka themanini, hadi 2011 lilipopitwa na Great American Tower, mnara wa kampuni ya bima uliovikwa taji la chuma ambalo msanifu Gyo Obata alisema amelichukua kwenye taji la Diana, binti mfalme wa Wales.

Hartford hauna mafuta wala chuma. Una bima, na Travelers Tower la 1919 lilikuwa jengo refu kuliko yote katika majimbo yote ya New England hadi 1964, Boston ulipolipita. Winston-Salem, North Carolina, una tumbaku. Kampuni ya R. J. Reynolds iliwapa wasanifu Shreve na Lamb kazi ya kujenga makao makuu, yakakamilika 1929 yakiwa na mita 96, yakipungua upana kwa hatua kadiri yanavyopanda. Miaka miwili baadaye ofisi hiyo hiyo ilimaliza Empire State huko New York, na anayeziweka picha mbili pamoja haulizi tena mkubwa alimwiga nani. Mji ambao hata katika sensa ya 2020 haukufika watu laki mbili na nusu ulipewa jaribio la kwanza la umbo lililokuja kujulikana duniani kote.

Lakini kama kuna mji uliofanya maghorofa yake yaseme kazi ya watu wake, ni Pittsburgh.

Hadi miaka ya 1940 maghorofa ya Pittsburgh hayakuonekana. Makaa ya mawe yalichomwa viwandani, kwenye injini za treni, kwenye meli za mtoni na kwenye majiko ya nyumbani, na moshi wote ulikaa bondeni. Zipo picha za saa sita mchana ambamo taa za barabarani zimewashwa na magari yana taa. Makarani wa ofisini walikwenda kazini na shati la pili la kubadilisha baada ya chakula cha mchana. Sheria ya kudhibiti moshi ilipitishwa 1941, vita vikaichelewesha, na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1946 chini ya meya David Lawrence, mwanachama wa Democratic aliyetokana na mitaa ya wafanyakazi. Mshirika wake alikuwa Richard King Mellon, bwanyenye wa benki na mtu wa Republican. Wawili hawa hawakuwa na sababu ya kupendana, lakini wote walielewa kwamba kampuni kubwa zilikuwa zinafikiria kuondoka.

Moshi ulipokwisha, kampuni zilianza kujenga, na kila moja ilijenga kwa bidhaa yake. Mwaka 1953 Alcoa, kampuni ya alumini, ilifungua jengo la ghorofa 30 lililovikwa mabamba ya alumini yaliyokandamizwa kama sahani, mepesi kiasi kwamba jengo zima lilihitaji chuma kidogo zaidi kulibeba. Madirisha yalizunguka kwenye ekseli ili yafutwe kutoka ndani, bila mtu kuning'inia nje. Wasanifu wa jengo hilo, Harrison na Abramovitz, ndio waliorudi kuisanifia U.S. Steel, kampuni ya chuma, mnara wake, uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970: ghorofa 64, mita 256, nguzo zikiwa nje ya ukuta badala ya kufichwa ndani. Nguzo hizo zina maji ndani yake, yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, ili moto ukitokea chuma kisilainike. Chuma chenyewe ni cha aina ya Cor-Ten, kinachoota kutu juu juu na kutu hiyo ikawa rangi na kinga yake. Katika miaka ya mwanzo mvua iliteremsha kutu hadi chini, njia za waenda kwa miguu zikabaki na madoa ya kahawia. Mwaka 1984 ikafuata PPG, kampuni ya vioo iliyoanzishwa 1883, na kundi la majengo yenye vioo vipande 19,750 yaliyosanifiwa na Philip Johnson na John Burgee kwa mtindo wa makanisa ya kale ya Ulaya.

Alumini, chuma, kioo: bidhaa za mji zimesimamishwa wima ili kila anayetoka handakini azione. Ni vigumu kuutaja mji mwingine uliojieleza wazi namna hiyo, na inauma kukumbuka wakati ulikuwa gani. Mwaka PPG ilipofungua mnara wake, viwanda vya chuma vya bondeni vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Homestead, kiwanda kilichotoa chuma kwa karne nzima, kilizima tanuri zake 1986. Gulf, kampuni ya mafuta iliyojenga lile jengo la piramidi mwaka 1932, ilimezwa na Chevron katikati ya miaka hiyo. Watu 676,806 wa Pittsburgh wa mwaka 1950 walipungua hadi 302,971 katika sensa ya 2020. Mwaka 2008 herufi kubwa ziliwekwa juu ya mnara wa U.S. Steel zikiwa na jina la UPMC, shirika la hospitali. Mjukuu wa mfua chuma sasa ni muuguzi au fundi wa maabara, na jina la mwajiri wake linawaka usiku juu ya chuma alichokiyeyusha babu.

Tulsa ulikuwa na watu 1,390 mwaka 1900. Mafuta yalipatikana Red Fork mwaka 1901, kisha kwa wingi wa kutisha Glenn Pool mwaka 1905, na kufikia 1930 mji ulikuwa na watu 141,258. Fedha ilikuwa mpya, haraka ilikuwa kubwa, na matajiri walikuwa na umri wa kuthubutu. Waite Phillips alijenga Philtower mwaka 1928, lenye paa la mwinamo la vigae vya rangi, akaongeza Philcade ng'ambo ya barabara, kisha akachimba ujia chini ya lami kuunganisha majengo yake mawili. Inaelezwa kwamba aliogopa watekaji, waliokuwa wakiwawinda matajiri nyakati hizo. Baadaye aliutoa mnara wenyewe kwa chama cha maskauti, ili kodi ya ofisi za mafuta ilipie kambi ya vijana milimani New Mexico.

Kati ya maghorofa yote ya Tulsa, lililo la ajabu zaidi ni Mid-Continent. Josh Cosden, mwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, alijenga ghorofa kumi na sita mwaka 1918. Mwaka 1984 wamiliki wapya walitaka mnara, na hawakutaka kulibomoa jengo lake. Wakasimamisha nguzo pembeni na kujenga ghorofa ishirini nyingine zinazoelea juu ya paa la zamani bila kulitwisha uzito, wakarudia nakshi zile zile za udongo wa kuchoma. Mpita njia anaona jengo moja la ghorofa 36 lenye umri mmoja. Ni heshima kwa kazi ya waliotangulia, ya aina ambayo miji mingi iliikataa ikachagua baruti.

Kampuni ya Williams, ya mabomba ya mafuta na gesi, ilimwendea Minoru Yamasaki, msanifu wa World Trade Center ya New York. Alikuwa ameshajenga makao ya benki ya M&T huko Buffalo katikati ya miaka ya 1960. Kwa Tulsa alitoa mnara wa ghorofa 52 uliokamilika katikati ya miaka ya 1970, wenye mistari ile ile myembamba ya wima na karibu nusu ya urefu wa minara ya New York. Minara ile haipo tena. Anayetaka kuelewa ilivyopanda mbele ya macho anaweza kwenda Oklahoma.

Ukiwa Greenwood, kaskazini ya reli, mnara huo unaonekana mzima, mitaa michache tu kusini. Greenwood ulikuwa mtaa wa Wamarekani Weusi wenye maduka, hoteli, majumba ya sinema, madaktari na wanasheria. Mei 31 na Juni 1 mwaka 1921 kundi la Wazungu wenye silaha liliuvamia, likachoma mitaa ipatayo 35. Waliouawa wanakadiriwa kufikia 300. Kanisa la Mount Zion, lililozinduliwa wiki chache tu kabla, liliteketea. Kampuni za bima zilikataa kulipa, zikishika kipengele cha ghasia kwenye mikataba. Wenyeji waliujenga upya kwa fedha zao wenyewe, katika muongo ule ule ambao ng'ambo ya reli Philtower lilikuwa linapanda. Kisha, kati ya miaka ya 1960 na 1970, serikali ikapitisha barabara kuu ya I-244 katikati ya kile kilichokuwa kimejengwa upya.

Hapa ndipo picha nzuri ya mji kwa mbali inapoficha zaidi kuliko inavyoonyesha. Maghorofa ya miaka ya 1960 yalihitaji magari, magari yalihitaji barabara kuu na maegesho, na ardhi ya vitu hivyo ilichukuliwa kwa watu wasio na sauti halmashauri. Cincinnati ulibomoa eneo la Kenyon-Barr, upande wa West End, na kuwahamisha watu takriban 25,000, karibu wote Weusi, kupisha viwanda na barabara ya I-75. Hartford ulivunja mtaa wa Front Street, wa familia za Kiitalia, ukajenga Constitution Plaza, uwanja wa ofisi uliofunguliwa 1964 na kubaki mtupu kila jioni makarani walipokwenda nyumbani vitongojini. Pittsburgh uliwahamisha watu wapatao 8,000 kutoka Lower Hill, kilima kilichoungana na katikati ya mji, ili ujenge ukumbi wa michezo wenye paa la kufunguka. Mtu akitazama picha za angani za miji hii za 1950 na za 1980, anaona minara imeongezeka na kila kilichokuwa kati ya minara kimegeuka lami.

Walioondolewa hawakuulizwa. Kampuni ziliondoka kwa hiari. Bei ya mafuta ilipoanguka miaka ya 1980, ofisi za Tulsa zilihamia Houston. Wachovia, benki iliyojenga mnara wenye kuba mjini Winston-Salem mwaka 1995, iliunganishwa na nyingine mwaka 2001 na makao makuu yakahamia Charlotte. Buffalo ulipata pigo lake mapema kuliko wote: mwaka 1959 njia ya meli ya mto St. Lawrence ilifunguliwa, meli za nafaka zikaupita mji bila kusimama. Mnara wa mita 161 uliojengwa na benki ya Marine Midland mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukiwa umepanda juu ya Main Street hadi treni ya mji inapita chini yake, ulirithiwa na HSBC. Mwaka 2013 HSBC nayo ikaondoka. Jengo refu kuliko yote mjini likabaki karibu tupu, na kwa miaka kadhaa kila aliyeutazama mji kutoka ziwani aliutazama kwanza mnara usio na watu.

Jengo hilo la Buffalo lilipopata mnunuzi mwaka 2016, sehemu yake ya chini ikageuzwa nyumba za kupanga, na mwaka 2019 benki ya M&T ikatangaza kupeleka humo mafundi wake wa kompyuta. Pittsburgh, jengo la Alcoa ni makazi. Winston-Salem, makao makuu ya Reynolds ni hoteli na nyumba za kupanga. Tulsa, ghorofa za juu za Philtower zinakaliwa na watu. Majengo ya kabla ya 1932 yanageuzwa kwa urahisi zaidi kuliko maboksi ya vioo, kwa sababu wajenzi wake, wakiwa hawana kiyoyozi, walihakikisha kila chumba kinafika dirishani. Kampuni ya bima ya Travelers ni tofauti, haikuondoka kabisa: makao yake makuu rasmi yako New York, lakini maelfu ya wafanyakazi wake bado wako Hartford.

Na watu wanarudi, ingawa si wale wale. Sensa ya 2020 iliikuta Buffalo na watu 278,349, ongezeko la kwanza tangu 1950. Sehemu kubwa ya sababu ni wakimbizi, kutoka Burma, Somalia, Burundi na Kongo. Upande wa magharibi wa mji, mitaa ambayo nyumba zake zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya bure, Kiswahili sasa ni miongoni mwa lugha za dukani, kanisani na nyumbani kwa watoto wa shule za umma. Familia za Kongo zimefika vilevile Des Moines, mji wa bima wenye mnara wa mita 192, na Louisville, mji mwingine wa mto Ohio.

Nyumba za minarani si zao, wala si za wajukuu wa West End na Lower Hill. Kodi zake zinawazidi. Deni la ardhi ndilo limeanza kuguswa, polepole, mahali pachache. Ukumbi wa Pittsburgh wenye paa la kufunguka ulibomolewa mwaka 2011 na 2012, na kwa miaka kadhaa kilima kile kilikuwa maegesho ya magari. Mwaka 2024 ulifunguliwa hapo mnara wa ghorofa 26 wa benki ya FNB. Mwaka mmoja kabla, timu ya magongo ya barafu ya Penguins, iliyokuwa na haki ya kuiendeleza ardhi hiyo, ilikubali kulirudishia kanisa la Bethel AME ekari moja na nusu. Kanisa hilo la Wamarekani Weusi lilianzishwa mwaka 1808, na jengo lake lilibomolewa 1957. Waumini wake wanakusudia kujenga humo makazi ya watu wa kipato cha chini.